Benjamin Franklin, Mpiga Chapa

Wengi wetu tuliopitia shule hii tulikutana na jina la Benjamin Franklin katika somo la fizikia, palipoelezwa umeme wa radi, tukaishia hapo. Lakini huyu bwana kabla ya kuwa mwanasayansi alikuwa mfanyabiashara, na habari hizo ndizo ninazopenda kuwasimulia ndugu zetu wanafunzi.

Alizaliwa Boston, Marekani, mwaka 1706, baba yake akiwa mtengenezaji wa mishumaa na sabuni. Shuleni alikaa miaka miwili tu, na hesabu zilimshinda kabisa. Alipotimiza miaka 12 alitiwa uanagenzi kwa kaka yake, mpiga chapa. Huko ndiko alikojifundisha hesabu mwenyewe, kitabu kizima, kwa sababu ya aibu. Mwaka 1723 alitoroka, na mwaka 1728 akafungua kiwanda cha chapa Philadelphia.

Alipopata mafanikio alianza kuingia ubia na wapiga chapa wa miji mingine. Yeye alitoa mtambo na herufi, akalipa theluthi moja ya gharama na kupokea theluthi moja ya faida, kwa mkataba wa miaka sita. Mbia wake mmoja wa Charleston alikuwa msomi, ila hesabu hakuleta. Alipofariki mwaka 1738, mjane wake Elizabeth Timothy, aliyekulia Uholanzi ambako wasichana walifundishwa kutunza daftari, alishika kazi. Kila miezi mitatu hesabu zilifika, safi. Mwishowe alikinunua kiwanda akamwachia mwanawe. Wazazi wanaosita kulipia masomo ya binti zao wamfikirie mama huyu.

Si kila uamuzi wa Franklin ulikuwa mwema. Aliwahi kumiliki watumwa, na ilimchukua hadi uzeeni, mwaka 1787, kuongoza chama cha kupinga utumwa. Na liko jambo lililomuuma hadi kufa kwake. Mwaka 1736 mwanawe Francis, mwenye miaka minne, alikuwa akiharisha, hivyo baba akaahirisha kumchanja ndui mpaka apate nguvu. Ndui haikungoja. Baadaye Franklin aliyaandika hayo waziwazi ili wazazi wengine wasikawie.

Mwaka 1772 rafiki yake Joseph Priestley alimwomba shauri kuhusu kazi mpya. Franklin hakumwambia akubali wala akatae. Alimweleza njia yake: gawa karatasi kwa mstari, upande huu sababu za kukubali, upande huu za kukataa, ukiziongeza kwa siku tatu au nne, kisha futa zenye uzito sawa, uone upande upi umebaki. Ndivyo mwenye duka anavyofunga daftari lake.

Alifariki mwaka 1790. Katika wasia wake aliziachia shule za Boston pauni 100, faida yake inunue nishani za fedha za kuwatuza wanafunzi.