Herman Melville: Ofisa forodha aliyemwandika nyangumi mweupe

WAUZAJI wa nguo wa siku nyingi katika eneo la Kariakoo, jijini Dar es Salaam, wanalifahamu neno amerikani. Ni kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kizito na imara, ambacho katika karne ya 19 kilivaliwa na kubadilishwa kwa pembe za ndovu kuanzia mwambao wa pwani hadi kwenye maziwa makuu.

Neno hilo halikuzuka bure. Kitambaa hicho kililetwa Unguja na merikebu kutoka Salem, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, hasa baada ya nchi hiyo kutiliana mkataba wa biashara na Seyyid Said mwaka 1833. Mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, aliwasili Unguja kuanza kazi.

Hata hivyo, si merikebu za nguo peke yake zilizotia nanga visiwani humo. Walifika pia wavuvi wa nyangumi kutoka New Bedford na bandari za jirani, wakitafuta maji, chakula na mapumziko baada ya kukaa baharini kwa miezi mingi.

Miongoni mwao alikuwamo kijana J. Ross Browne, aliyeondoka New Bedford mwaka 1842. Safari yake ya kuvua nyangumi ilikomea Unguja, ambako aliiacha merikebu kutokana na mateso ya kazi. Mwaka 1846 alichapisha kitabu kinachosimulia mateso hayo pamoja na siku alizoishi kisiwani.

Machi 1847 kitabu hicho kilihakikiwa katika jarida moja la New York na mwandishi mwenye umri wa miaka 27, ambaye naye aliwahi kuvua nyangumi na kuitoroka merikebu yake. Mhakiki huyo alikuwa Herman Melville.

Miaka minne baadaye Melville alitoa riwaya iitwayo Moby-Dick, ambayo leo inahesabiwa miongoni mwa riwaya kuu kabisa zilizowahi kuandikwa Marekani. Katika kurasa zake za mwanzo, penye madondoo ya maandishi ya kila namna kuhusu nyangumi, kitabu cha Browne kimo.

Pamoja na sifa hizo, Melville hakuzifaidi. Riwaya hiyo ilipotoka haikununuliwa, na mwandishi wake aliishia kukagua shehena bandarini kwa miaka 19 ili kuilisha familia yake.

Melville alizaliwa New York Agosti 1, 1819. Baba yake, Allan, alikuwa mfanyabiashara aliyeagiza bidhaa kutoka Ufaransa. Biashara hiyo ilianguka mwaka 1830, familia ikahamia Albany, na Januari 1832 baba akafariki dunia huku akiacha madeni.

Herman alikuwa na umri wa miaka 12. Aliondolewa shuleni, akapelekwa kufanya kazi ya ukarani katika benki. Baadaye alifanya kazi shambani kwa baba yake mkubwa, akauza bidhaa katika duka la kaka yake, akafundisha shule. Mwaka 1839 alipanda merikebu ya mizigo kwenda Liverpool, Uingereza, akiwa baharia wa daraja la chini kabisa.

Mwaka 1840 wakazi wa New York waliishangaa merikebu Sultana ya Seyyid Said, iliyofika mjini hapo ikiwa na mjumbe wake, Ahmad bin Na'aman. Mwishoni mwa mwaka huohuo Melville alijiandikisha katika merikebu ya kuvua nyangumi iitwayo Acushnet, iliyong'oa nanga Januari 3, 1841 kutoka Fairhaven, ng'ambo ya mto kutoka New Bedford.

Kazi hiyo ilikuwa ngumu na ya hatari. Nyangumi alipoonekana, mashua ndogo ziliteremshwa majini, kila moja ikiwa na watu sita. Mrusha chusa alimchoma nyangumi, naye akakimbia huku akiiburuta mashua kwa kamba. Aliyenaswa na kamba hiyo alivutwa baharini.

Nyangumi akishauawa, alifungwa ubavuni mwa merikebu, mafuta yake yakakatwa vipande na kuchemshwa kwenye matanuri yaliyojengwa juu ya sitaha. Mapipa hayo ndiyo yaliyowasha taa na kulainisha mashine za viwanda vya Marekani na Ulaya, kabla ya mafuta ya petroli kuanza kuchimbwa kwa wingi huko Pennsylvania kuanzia mwaka 1859.

Mabaharia hawakulipwa mshahara wa mwezi. Kila mmoja aliandikiwa fungu la mapato ya safari, na fungu la Melville lilikuwa moja kati ya 175. Safari ikikosa nyangumi, baharia naye alikosa.

Julai 1842, Acushnet ilipofika visiwa vya Marquesas katika Bahari ya Pasifiki, Melville na mwenzake Richard Tobias Greene waliitoroka. Aliishi takriban mwezi mmoja na watu wa bonde la Taipi, ambao mabaharia waliwaogopa kwa kudhaniwa kuwa walikula watu. Yeye aliona ukarimu.

Kutoka hapo alipanda merikebu nyingine ya uvuvi, akashiriki mgomo wa mabaharia, na akawekwa kizuizini Tahiti. Baada ya safari nyingine ya uvuvi alifika Hawaii, na mwaka 1843 akajiunga na meli ya kivita ya Marekani. Alirejea nyumbani Oktoba 1844.

Masimulizi ya maisha yake visiwani yalimpatia jina upesi. Kitabu chake cha kwanza, Typee, kilitoka mwaka 1846, kikafuatwa na Omoo mwaka 1847. Wasomaji walivipenda. Agosti 1847 alimwoa Elizabeth Shaw, binti wa Jaji Mkuu wa Massachusetts, na wakajaliwa watoto wanne.

Mwanzoni mwa mwaka 1850 alianza kuandika habari za uvuvi wa nyangumi. Kama angefuata njia aliyoizoea, huenda angetoa kisa kingine chepesi cha baharini na kujipatia fedha. Lakini mwaka huohuo alihamia shambani Pittsfield, akafanya urafiki na mwandishi Nathaniel Hawthorne, na kazi ikapanuka mikononi mwake.

Melville alikuwa na visa vya kweli vya kutegemea. Novemba 20, 1820 merikebu Essex ya Nantucket ilizamishwa na nyangumi aliyeipiga kwa kichwa katikati ya Pasifiki. Owen Chase, mmoja wa walionusurika, aliandika habari hizo, na Melville alikisoma kitabu chake akiwa baharini, baada ya kuazimwa na mtoto wa Chase mwenyewe. Aidha, mwaka 1839 jarida moja lilichapisha habari za nyangumi mweupe mkali aliyeitwa Mocha Dick.

Katika riwaya, msimulizi ni kijana Ishmael, ambaye amechoka na maisha ya nchi kavu na anataka kwenda baharini. Katika nyumba ya wageni huko New Bedford analazimika kulala kitanda kimoja na Queequeg, mrusha chusa kutoka kisiwa cha Pasifiki, aliyechanjwa mwili mzima. Hofu ya usiku mmoja inageuka kuwa udugu.

Wawili hao wanajiandikisha katika merikebu Pequod ya Nantucket. Ishmael, asiyejua kazi hiyo, anapewa fungu moja kati ya 300, na Queequeg, aliye hodari, moja kati ya 90. Miongoni mwa mabaharia yumo pia Daggoo, Mwafrika mwenye umbo kubwa, ambaye naye ni mrusha chusa.

Baada ya merikebu kuondoka ndipo nahodha anapojitokeza. Nahodha Ahab alikatwa mguu na nyangumi mweupe aitwaye Moby Dick, na sasa anatembelea mguu uliochongwa kwa mfupa wa taya la nyangumi. Anapigilia sarafu ya dhahabu mlingotini na kuahidi kuwa atakayekuwa wa kwanza kumwona nyangumi huyo ataichukua.

Msaidizi wake mkuu, Starbuck, anapinga. Kwake yeye walikuja kutafuta mafuta, si kulipiza kisasi kwa mnyama asiye na akili. Lakini mabaharia wameshalewa maneno ya nahodha, na Starbuck, ingawa ana haki, hana ubavu wa kumzuia. Hilo ndilo fundo la riwaya nzima: watu wengi wanaobebwa na hasira ya mmoja, na mwenye busara anayeona hatari mapema bila kuchukua hatua.

Safari inazunguka Rasi ya Tumaini Jema na kuingia Bahari ya Hindi kuelekea visiwa vya Java na Sumatra. Ni katika bahari hii inayoogesha fukwe za Dar es Salaam ndipo mabaharia wa Pequod wanapomuua nyangumi wao wa kwanza.

Msomaji aonywe kuwa riwaya hii ina sura 135 na haiendi kwa haraka. Katikati ya kisa mwandishi husimama kueleza mifupa ya nyangumi, kamba, chusa, na hata ambari, ambayo watu wa mwambao wa Afrika Mashariki waliifanyia biashara kwa karne nyingi. Wengi huchoka hapo. Lakini anayevumilia hugundua kuwa hayo ni maelezo ya mtu aliyeifanya kazi kwa mikono yake, na kuwa bila hayo mwisho wa safari usingekuwa na uzito.

Riwaya ilitoka London Oktoba 1851 na New York mwezi uliofuata. Toleo la London liliikosa sehemu fupi ya mwisho, inayoeleza jinsi msimulizi alivyosalimika. Baadhi ya wahakiki wakauliza, kwa haki, kisa kilisimuliwa na nani.

Nakala zilizouzwa wakati wa uhai wa Melville hazikufika 4,000. Mwaka 1852 alitoa riwaya nyingine, Pierre, iliyoshambuliwa vikali zaidi. Desemba 1853 jengo la wachapishaji wake mjini New York liliungua, na akiba ya vitabu vyake ikateketea. Baada ya mwaka 1857 hakuchapisha tena riwaya alipokuwa hai, bali aligeukia mashairi.

Desemba 1866 aliajiriwa kuwa mkaguzi wa forodha katika bandari ya New York, kwa malipo ya dola nne kwa siku. Idara hiyo ilinuka rushwa wakati huo, lakini Melville alisifika kwa uadilifu. Mtu aliyewahi kuvuka bahari kwa tanga sasa alihesabu na kukagua mizigo iliyoletwa na wengine.

Nyumbani nako kulikuwa na msiba. Mwaka 1867 mtoto wake wa kwanza, Malcolm, mwenye umri wa miaka 18, alikutwa amekufa chumbani mwake kwa risasi. Mtoto wake mwingine wa kiume, Stanwix, alifariki dunia mwaka 1886, muda mfupi baada ya baba kustaafu.

Melville aliendelea kuandika usiku na siku za mapumziko. Alifariki dunia Septemba 28, 1891 akiwa na umri wa miaka 72, akazikwa katika makaburi ya Woodlawn, New York. Wakati huo Moby-Dick ilikuwa haichapishwi tena.

Alifufuliwa na kizazi ambacho hakikumjua. Mwaka 1921 Raymond Weaver alichapisha habari za maisha yake, na mwaka 1924 kikatolewa kisa cha Billy Budd, ambacho kilikutwa katika karatasi alizoziacha. Moby-Dick ikaanza kusomwa upya, ikafundishwa vyuoni, na mwaka 1956 ikatengenezewa filamu maarufu iliyoongozwa na John Huston.

Bahari nayo imebadilika. Mwaka 1979 Bahari ya Hindi ilitangazwa na Tume ya Kimataifa ya Nyangumi kuwa hifadhi ya wanyama hao, na tangu mwaka 1986 tume hiyo imesimamisha uvuvi wa nyangumi wa biashara. Kati ya Julai na Novemba nyangumi wenye nundu hupita katika mwambao wa Tanzania wakitoka maji baridi ya kusini kuja kuzaa, na watu huwafuata kwa mashua ili kuwatazama tu.

Kwa msomaji wa Kiswahili, maisha ya mwandishi aliyekula mkate wa forodha si jambo geni. Shaaban Robert, aliyesoma katika Shule ya Kichwele jijini Dar es Salaam kati ya mwaka 1922 na 1926, aliitumikia Idara ya Forodha kuanzia mwaka 1926 hadi 1944, huku akiandika. Jina lake limepewa barabara ilipo Makumbusho ya Taifa, katikati ya jiji.

Melville hakuuona umaarufu wa kitabu chake. Alichokuwa nacho ni kazi ya mchana, meza ya usiku, na mswada ambao hakuna aliyekuwa akiusubiri. Billy Budd ilikuwa bado mezani alipofariki dunia.