Daktari Barnardo na Watoto Waliovushwa Bahari

Mwezi huu twawaletea habari za maisha ya Thomas John Barnardo. Mtu huyu aliwaokoa watoto wengi, na kwa mkono huo huo aliwatenga ndugu wengi wa tumbo moja. Twaona ni vema tuyasimulie yote mawili, kwa maana yatima wapo katika kila kizazi, na kila awapokeaye amekabidhiwa zaidi ya tumbo la kulisha na mwili wa kuvika.

Barnardo alizaliwa Dublin, nchini Ireland, tarehe 4 Julai 1845. Baba yake alikuwa mfanya biashara wa manyoya. Mwaka 1862 Injili ilimgusa moyo, na mwaka 1866 alikwenda London kusomea udaktari, akitazamia kuwa mmisionari Uchina. Mwaka huo kipindupindu kiliua maelfu ya watu upande wa mashariki wa mji ule, na watoto wengi wakabaki bila wa kuwaangalia. Barnardo akaanzisha shule ya watoto maskini. Usiku mmoja mwanafunzi wake, Jim Jarvis, alimwongoza hadi mahali ambapo wavulana walilala juu ya paa, pasipo blanketi. Safari ya Uchina ikaishia hapo.

Mwaka 1870 alifungua nyumba ya wavulana huko Stepney. Siku moja mvulana alirudishwa kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa, na baadaye akakutwa amekufa kwa baridi na njaa. Tangu hapo Barnardo alitundika tangazo la ahadi kwamba hakuna mtoto mhitaji atakayekataliwa. Ahadi hiyo ilimpa sifa kubwa, nayo ikamletea shida. Watoto waliingia kila siku, na nyumba ikawa haina budi kutafuta pa kuwapeleka.

Pa kuwapeleka palionekana kuwa Kanada. Maria Rye na Annie Macpherson walikuwa wamekwisha kuanza kupeleka watoto huko tangu miaka ya 1869 na 1870. Barnardo alipeleka kundi lake la kwanza la wavulana mwaka 1882. Wasichana walifuata mwaka 1883, na baadaye walikuwa wakipokelewa Peterborough, katika jimbo la Ontario, kwenye nyumba iliyoitwa Hazelbrae. Kila mtoto alipewa sanduku lenye nguo na Biblia. Kisha aligawiwa kwa watu wa mashambani walioomba. Wadogo walilelewa kwa malipo, na wakubwa walifanya kazi kwa mkataba.

Hapo ndipo ndugu walipoachana. Mkulima aliyetaka mvulana mmoja wa kumsaidia kazi hakuchukua watatu kwa kuwa ni ndugu. Mmoja alishushwa stesheni hii, mwingine akaendelea na treni. Wako waliolelewa kama watoto wa nyumba, wakasoma na kupata mashamba yao. Wako pia waliopigwa, waliolala na njaa, na waliochekwa kwa sababu hawana kwao. Tena wengi hawakuwa yatima kamili, bali walikuwa na baba au mama aliye hai huko Uingereza. Barnardo mwenyewe alikiri waziwazi kwamba watoto wengine aliwachukua bila ridhaa ya wazazi, akiamini anawaokoa, na alishtakiwa mahakamani kwa ajili hiyo.

Hata hivyo alikuwa na desturi moja ambayo hatuna budi kuitaja. Mtoto alipoingia alipigwa picha, na habari zake zikaandikwa: jina, umri, wazazi na ndugu zake. Picha hizo nazo zilimletea lawama mwaka 1877, kwa sababu baadhi zilipangwa ili mtoto aonekane mnyonge kuliko alivyokuwa. Lakini vitabu na picha vilitunzwa.

Barnardo alifariki tarehe 19 Septemba 1905, akiwa na umri wa miaka 60. Inakadiriwa kwamba watoto karibu 60,000 walikuwa wamepita katika nyumba zake. Kazi ya kupeleka watoto Kanada iliendelea baada yake. Kwa jumla nyumba zake zilipeleka watoto wapatao 30,000, na vyama vyote pamoja wapatao 100,000.

Wengi wao walificha asili yao kwa aibu, hata wake na watoto wao wasijue. Leo wajukuu na vitukuu ndio wanaoitafuta. Huanza na orodha za abiria wa meli, zilizotunzwa katika nyaraka za taifa la Kanada. Kisha hutazama hesabu ya watu ya 1891 au 1901, waone babu yao alikuwa katika shamba la nani. Hatimaye huomba habari zilizoandikwa siku alipopokelewa, na mara nyingine hapo ndipo wanaposoma kwa mara ya kwanza kwamba babu alikuwa na dada. Vitabu vya ubatizo na ndoa vya makanisa ya Uingereza huwaongoza hadi kwa wazazi.

Mwaka 2010 Waziri Mkuu wa Uingereza, Gordon Brown, aliomba radhi kwa niaba ya nchi yake. Mwaka 2017 Bunge la Kanada lilifanya hivyo. Wengi walioombwa radhi walikuwa wamekwisha kufa.

Ndugu zetu, nasi tunapokea watoto waliofiwa katika nyumba zetu, na twafanya vema. Basi tuwaandikie jina la baba, la mama, la ndugu zao wote, na la kijiji walikotoka. Tukiwaleta kubatizwa, tusione uvivu kumtajia katekista majina hayo yote. Na ikiwa wamegawanywa, huyu kwa shangazi na yule kwa mjomba, tuwape nafasi ya kutembeleana, wasije wakakutana uzeeni kama wageni.