Askofu Festo Kivengere: Mkimbizi Aliyemsamehe Adui

Wapendwa, Tukutendereza tunayoimba ni wimbo wa Kiganda, tuliouletewa na ndugu wa Uamsho. Katika jubilii hii tumkumbuke mmoja wa ndugu hao, ambaye kanisa lake liliteswa ng'ambo ya mpaka.

Festo Kivengere alizaliwa mwaka 1919 Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda. Utotoni alichunga ng'ombe, kisha akasoma na kuwa mwalimu. Baada ya kuokoka, yeye na mkewe Mera walikwenda Dodoma, Tanganyika, ambako alifundisha kwa miaka mingi. Mwaka 1972 aliwekwa kuwa Askofu wa Kigezi.

Wakati huo Idi Amin alikuwa ameshika nchi. Februari 1973 watu watatu walipigwa risasi hadharani katika uwanja wa Kabale. Kivengere aliomba ruhusa ya kuwafikia kabla ya kufa, akawakuta na amani ya Kristo. Mwaka 1977 maaskofu walimwandikia Amin wakipinga mauaji. Tarehe 16 Februari Askofu Mkuu Janani Luwum akauawa, na serikali ikasema ni ajali ya gari. Siku chache baadaye Kivengere na Mera walikimbia usiku, wakapanda milima kwa miguu hadi Rwanda.

Kenya iliwapokea wengi waliotoroka Uganda miaka hiyo, na baadhi yao walifundisha katika shule zetu. Kupitia African Enterprise, shirika la uinjilisti aliloliongoza Afrika Mashariki, Kivengere aliwatafutia wakimbizi msaada, masomo na mafunzo ya kazi. Alisafiri pia nchi nyingi akieleza mateso ya kanisa lake.

Lakini moyoni alikuwa na uchungu. Ijumaa Kuu ya mwaka 1977, akiwa ibadani London, aliguswa na jinsi Yesu alivyowaombea waliomsulubisha. Akaona kwamba hata yeye lazima amsamehe Amin. Mwaka huohuo alitoa kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin. Wengi walishangaa. Hata hivyo hakuyaficha mauaji wala kuyaita madogo. Alisamehe, na bado akasema kweli.

Amin alipoondolewa mwaka 1979, Kivengere alirudi kujenga upya. Alifariki hapa Nairobi Mei 1988, kwa saratani ya damu.

Leo ndugu zetu wangali wanafungwa kwa ajili ya imani, kwa mfano nchini Eritrea. Baadhi ya waliotoroka huko wanaishi Eastleigh, katika Eastlands yetu hii. Wanakwaya, tuwaombee kwa kuitaja nchi yao, tusimulie habari zao bila chuki, na tuwakaribishe mazoezini. Wimbo wa Uganda tuliupokea ukawa wetu. Na wimbo wao pia tuujifunze.