Henrietta Lacks na Haki ya Kuulizwa

Wako marehemu ambao tunafaidi matunda yao kila siku, ilhali wao wenyewe hawakupata kuulizwa kama waliridhia. Mmoja wao ni Henrietta Lacks, mwanamke mweusi wa Marekani ambaye jina lake sasa limeenea duniani kote. Nimeonelea niwasimulie walimu wenzangu na wanafunzi wa Kericho na Bomet habari za maisha yake, kwa kuwa alikuwa mtu wa shamba kama walivyo wengi wa wazazi wetu, na kwa kuwa yaliyompata yanatuhusu kila majira ya kampeni za siasa yanapowadia.

Alizaliwa tarehe 1 Agosti 1920 mjini Roanoke, katika jimbo la Virginia. Huo ndio muongo ambao Waingereza walianza kupanda chai kwa wingi katika milima yetu ya Kericho. Mamake alifariki mwaka 1924 akijifungua mtoto wa kumi, naye baba akawagawa watoto kwa jamaa zake wa kijiji cha Clover. Henrietta akalelewa na babu yake katika nyumba ya magogo ambayo zamani walikaa watumwa. Mtoto wa huku hukua akijua kazi ya kuchuma majani mawili na chipukizi. Yeye alikulia katika majani ya tumbaku. Masomo aliyaacha akiwa darasa la sita.

Mwaka 1941 aliolewa na David Lacks, wakahamia karibu na mji wa Baltimore, ambako mume alipata kazi katika kiwanda cha chuma. Walijaliwa watoto watano. Mwezi wa Januari 1951 Henrietta alikwenda katika hospitali ya Johns Hopkins, mojawapo ya hospitali chache zilizowapokea weusi maskini, tena katika wodi zao za kando. Akaonekana ana saratani ya mlango wa kizazi. Alipokuwa akitibiwa, daktari alikata vipande viwili vidogo vya nyama, kimoja cha uvimbe na kimoja cha mahali palipokuwa pazima, vikapelekwa katika maabara ya Dkt. George Gey. Mwenye mwili hakuambiwa lolote. Tarehe 4 Oktoba mwaka huo huo alifariki, umri wake miaka 31, akazikwa kwao Clover katika kaburi lisilokuwa na alama.

Seli zake, hata hivyo, hazikufa. Hadi wakati huo seli za binadamu zilizotolewa mwilini zilikuwa zikifa maabarani baada ya muda mfupi. Hizi ziliongezeka maradufu takriban kila siku moja, wala hazikukoma. Wanasayansi waliziita HeLa, kwa kufupisha majina yake mawili. Zilitumika katika majaribio ya chanjo ya polio ya mwaka 1954. Katika miaka ya 1980 wachunguzi walikuta ndani ya seli hizo virusi vinavyosababisha saratani ile ile iliyomuua, na ujuzi huo ukachangia kupatikana kwa chanjo ambayo Kenya ilianza kuwapa wasichana wa miaka 10 mwaka 2019. Binti wa Litein au wa Sotik aliyedungwa sindano hiyo ana deni kwa mwanamke asiyemjua.

Lakini jamaa za Henrietta walikuwa gizani. Hadi mwaka 1973, zaidi ya miaka ishirini baada ya mazishi, ndipo walipofahamu kwamba seli za mama yao zingali hai na zinauzwa. Baadhi ya watoto wake hawakuwa hata na bima ya kulipia matibabu yao wenyewe. Ilipofika Agosti 2023 ndipo warithi wake walipopatana na kampuni moja kubwa waliyokuwa wameishtaki kwa kufanya biashara kwa seli hizo.

Najua wako watakaosema kwamba, lau madaktari wangemwomba ruhusa akakataa, dunia ingekosa faida hizi zote. Hoja hiyo haina nguvu. Hakuna ajuaye kwamba angekataa, kwa sababu hakuna aliyemwuliza. Wema uliotokea baadaye haufuti kosa la kumfanya mtu kuwa chombo.

Sasa tutazame siasa. Mwaka 2004 wapiga kura wa jimbo la California waliamua kutoa dola bilioni 3 kwa utafiti wa seli shina, yaani zile seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za namna mbalimbali. Matangazo ya kampeni hiyo yaliwatumia wagonjwa kuamsha huruma. Miongoni mwao alikuwamo mwigizaji Christopher Reeve, aliyepooza baada ya kuanguka farasini. Alirekodi tangazo kwa hiari yake, akafariki mwezi wa Oktoba kabla ya siku ya kupiga kura. Huyu aliulizwa akakubali, na hapo simlaumu mtu. Lililobaki ni swali la ukweli: je, mtazamaji aliambiwa kwamba utafiti huchukua miaka mingi, na kwamba tiba haiji kwa wingi wa kura? Baada ya miongo miwili, tiba nyingi zilizotumainiwa bado zinachunguzwa.

Basi tangazo lolote linalomtumia mgonjwa lina masharti mawili: awe ameridhia mwenyewe, na ahadi inayotolewa kwa jina lake iwe ya kweli. Kwetu masharti haya husahauliwa kwa wepesi. Mgombea hufika wodini na wapiga picha, akapeana mkono na mgonjwa asiyeweza hata kuinuka, na picha ikatumika kumtafutia kura. Mwenye kitanda hakuulizwa. Mwezi wa Juni 2021 Wakenya wengi walitazama katika mtandao wa serikali wakakuta wameandikwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawakujiunga navyo, ingawa nchi ilikuwa na sheria ya kulinda data tangu mwaka 2019. Jina si kipande cha nyama, lakini aliyelichukua bila ruhusa amefanya lile lile alilofanyiwa Henrietta.

Kuomba ruhusa kunawezekana hata mashambani. Mwaka 2003 watafiti wa ukimwi waliwapima watu zaidi ya 2,800 katika mashamba ya chai ya Kericho, wafanyakazi pamoja na jamaa zao, kwa ridhaa yao. Mchumaji chai akielezwa kwa lugha anayoifahamu ana akili ya kutosha kusema ndiyo au la.

Walimu wenzangu, tunapowafundisha vijana habari za seli, tusiishie kwenye kiini na utando wake. Tuwafundishe pia kumwuliza mwenye kalamu, mwenye sindano na mwenye kamera wanataka nini, kwa faida ya nani. Nanyi wanafunzi, mkiona uso wa mgonjwa katika bango la mgombea, ulizeni kwanza kama mgonjwa huyo anajua kwamba yuko hapo.