Apolo Kivebulaya, mgeni wa Boga

Jina Kivebulaya ni zoezi zuri la mofolojia. Kwa Kiganda, ki- ni kiambishi cha ngeli ya vitu, -va ni kutoka, e huonyesha mahali, na Bulaya ndiyo Ulaya yetu. Irabu a na e zikikutana, inabaki e. Maana yake ni kitu kitokacho Ulaya. Lakini aliyepewa jina hilo, kwa ajili ya mavazi yake ya Kizungu, alikuwa Mganda. Alizaliwa mnamo 1864, akaitwa Waswa, jina la pacha. Mwaka 1895 alibatizwa Apolo.

Katika Ituri anakumbukwa kama mhubiri wa Kianglikana. Mimi namsoma kama mtu aliyeishi ugenini.

Mwaka 1896 alitoka Toro, akavuka mto Semliki, akafika Boga, kusini mwa Bunia. Kihema cha huko ni ndugu wa Kinyoro, na Kiganda si mbali. Undugu wa namna hiyo humdanganya mgeni: akishika nusu ya maneno, hudhani ameshawaelewa watu. Chifu Tabaro hakumtaka. Walimu Waganda waliomtangulia hawakudumu. Mwaka 1898 dada wa chifu alifariki kwa ajali ya mkuki, na lawama ikamwangukia Apolo. Alipigwa, akafungwa, akapelekwa gerezani Fort Portal.

Alipoachiliwa alirudi kulekule. Safari hii Tabaro alimpokea, na baadaye naye akabatizwa.

Hapo ndipo ninapobishana na wanaosema kwamba kuzoea ugeni ni kazi ya mgeni peke yake. Mimi ni mtu wa Bule, na jirani yetu, pale Savo, kuna kambi ya waliokimbia vita. Wengi wao wanasema lugha yetu hiihii, hata hivyo tunawaita wageni. Kikiibwa kitu, wao ndio wanaotajwa kwanza, kama Apolo siku ya mkuki ule. Kumbe lugha hufungua mlango, lakini mwenye nyumba lazima akubali mtu aingie. Apolo alirudi; Tabaro naye alibadilika. Kama mmoja wao angekataa, habari ingeishia gerezani.

Wakoloni walipochora mipaka yao, Boga ikabaki upande wa Wabelgiji. Apolo, aliyekuwa amepelekwa kufanya kazi Toro, aliomba kurudi. Katika uzee wake aliingia msituni kwa Wambuti, akaanza upya kujifunza lugha, akashughulikia tafsiri ya Injili ya Marko kwa lugha yao.

Alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933. Desturi ilitaka maiti alazwe kichwa kikielekea mashariki, upande wa kwao Buganda. Yeye aliagiza kielekee magharibi, kwenye msitu, na wenyeji wake wakamzika hivyo.