John Coltrane: Miaka Kumi ya Shukrani

Mwezi huu tunawaletea habari za John Coltrane, Mmarekani mweusi, mpiga saksafoni mashuhuri wa muziki wa jazi. Wengi wamelisikia jina lake, lakini si wengi wajuao ya kuwa alilelewa kanisani.

Alizaliwa tarehe 23 Septemba 1926 huko Hamlet, North Carolina, akakulia mji wa High Point. Babu yake mzaa mama alikuwa mchungaji wa Kimethodisti. John alipokuwa na umri wa miaka 12 alifiwa na babu huyo na baba yake katika muda mfupi.

Mwaka 1943 alihamia Philadelphia, na baadaye akapata sifa katika bendi ya Miles Davis. Lakini heroini na pombe vilikuwa vimemfunga, hata mwaka 1957 Davis akamwachisha kazi. Mwaka huo huo Coltrane aliviacha. Mwenyewe alishuhudia kwamba ni Mungu aliyemwamsha. Ndipo Desemba 1964 akapiga santuri ya "A Love Supreme" iwe shukrani yake. Katika sehemu ya mwisho aliifuata sala aliyoiandika mwenyewe, akipuliza maneno yake kwa saksafoni pasipo kuyatamka.

Hakuishia hapo. Alisoma vitabu vya dini nyingi, akaupenda muziki wa Bara Hindi. Mtoto wake aliyezaliwa mwaka 1965 alimwita Ravi, kwa heshima ya Ravi Shankar, mpiga sitari wa huko. Oktoba mwaka huo, karibu na Seattle, alipiga santuri aliyoiita "Om", ambayo kwa Wahindu ni sauti takatifu. Humo wanamuziki wanatamka pamoja maneno ya Bhagavad Gita, kisha saksafoni zinalia kama watu wenye uchungu, bila mdundo wa kuchezea, kwa muda wa karibu nusu saa. Wengi waliompenda walishindwa kumfuata. Miezi michache baadaye mpiga piano McCoy Tyner na mpiga ngoma Elvin Jones, wenzake wa miaka mingi, walikuwa wamekwisha kuondoka.

Alifariki tarehe 17 Julai 1967 kwa saratani ya ini, akiwa na umri wa miaka 40. Ibada ya maziko ilifanyika katika kanisa la Kilutheri la Mtakatifu Petro, New York. "Om" ilitolewa mwaka 1968.

Sisi tunaomkiri Kristo hatuwezi kuifuata kila njia aliyoipita ndugu huyu. Hata hivyo habari zake zinatuhoji. Alifunguliwa mara moja, akashukuru kwa miaka kumi, hata iliposhuka heshima yake mbele ya watu. Nasi tuliofunguliwa, shukrani yetu ilidumu siku ngapi? Bwana atujalie tusichoke kushukuru.