Maxim Mwana: Mtu Aliyeuziba Mlio wa Bunduki

Jina la Maxim si geni kwa wazee wetu wa Pwani. Bombom iliyowanyeshea risasi watu wa Shekhe Mbaruk bin Rashid Mazrui, katika vita vya mwaka 1895 na 1896, ilikuwa kazi ya Hiram Stevens Maxim, Mmarekani aliyehamia Uingereza akaivumbua huko mwaka 1884. Mwaka 1905 bombom hiyo ilipigwa tena bara, juu ya Wagusii, katika milima iliyo jirani na Migori na Homa Bay. Habari za mzee huyo zimeandikwa sana. Leo, ndugu msomaji, nataka nikusimulie za mwanawe, Hiram Percy Maxim, ambaye alirithi jina la babake na ufundi wake, lakini akautumia ufundi huo kuinyamazisha bunduki.

Percy alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 2 Septemba 1869. Alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi, mwaka 1881, babake alivuka bahari kwenda Ulaya kwa shughuli za umeme, na hakurudi tena kukaa na mkewe na watoto. Huko ugenini akaoa mke mwingine, akatajirika, na mwaka 1901 akapewa cheo cha Sir. Lakini kila tunu ina ushuru wake. Yule mzee aliyeipiga bombom yake mara elfu na maelfu mbele ya wafalme na majemadari alizeeka akiwa kiziwi. Alifariki mwaka 1916, wakati ambapo Waingereza na Wajerumani walikuwa wakiuana kwa bombom zilizotokana na uvumbuzi wake. Vita hivyo vilifika hata Karungu, katika Migori ya leo, Wajerumani walipoivamia Septemba 1914 wakaelekea Kisii.

Mwana alibaki Marekani na mamake. Alisoma uhandisi katika chuo cha MIT, akahitimu mwaka 1886 kabla hajatimiza miaka 17. Alifanya kazi katika kiwanda cha risasi za mizinga mjini Lynn, na baada ya kazi akawa anahangaika na injini ya petroli, maana alitaka chombo cha kumpeleka mtu bila farasi wala kupiga pedali. Mwaka 1895 kampuni ya baiskeli ya Pope, iliyokuwa Hartford, ilimwajiri atengeneze motakaa. Hivyo akawa mmoja wa mafundi wa mwanzo wa magari nchini kwao, na akazijua vyema kelele za injini.

Mwenyewe alisimulia kwamba fikira ya kiwambo cha sauti ilimjia alipoyatazama maji ya kuogea yakizunguka huku yakishuka katika tundu. Alijiuliza kama hewa ya baruti nayo haiwezi kuzungushwa vivyo hivyo. Mlio wa bunduki, kwa hakika, una sehemu mbili. Ya kwanza ni hewa ya moto inayotoka kwa ghafla katika mdomo wa mtutu. Ya pili ni mpasuko wa risasi yenyewe, ambayo hukimbia kuishinda sauti, na sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde. Percy aliishughulikia ile ya kwanza. Alitengeneza kitu mfano wa kopo refu la kufungwa mdomoni mwa bunduki, ndani yake mkiwa na visahani vyenye tundu: risasi hupita moja kwa moja, lakini hewa huzuiliwa, huzungushwa, hupoa, kisha ikatoka polepole. Hati ya uvumbuzi alipewa tarehe 30 Machi 1909.

Watu wa sinema wametudanganya kwamba bunduki yenye kiwambo hulia kama paka anayepiga chafya. Sivyo. Bunduki kubwa hupiga kelele ya kama desibeli 160, na kiwambo hupunguza 20 au 30 hivi. Masikio ya mpigaji hupata nafuu kubwa, lakini aliye karibu bado husikia. Aliye mbali ndiye hutatizika, asijue mlio umetoka upande gani.

Hapo ndipo ubishi ulipozuka. Percy alikitangaza kiwambo chake kuwa ni adabu ya mwindaji na mwenye shabaha, asiwasumbue jirani. Wengine walikiona kuwa ni rafiki wa muuaji na wa mwizi wa wanyama. Jimbo la Maine, alikozaliwa babake, lilikuwa la kwanza kukikataza, mwaka huo huo wa 1909. Mwaka 1934 serikali kuu ya Marekani ikakitoza kodi ya dola 200, fedha nyingi mno kwa siku zile. Sheria ya silaha ya Kenya nayo hukihesabu kifaa cha kupunguza mlio au mwako kuwa ni silaha, kama bunduki yenyewe.

Ubishi huo niliuelewa vizuri nilipozuru Homa Bay. Baada ya kuswali Kendu Bay, penye Waislamu wa tangu zamani, nilishukia bonde la Lambwe, ilipo mbuga ya Ruma iliyopata hadhi ya mbuga ya taifa mwaka 1983. Ndipo mahali pekee nchini Kenya wanapobaki korongo, wale paa wakubwa wenye pembe za kupinda nyuma, na wamesalia wachache mno. Nilikaa na Jaduong' mmoja, kama Wajaluo wanavyomwita mzee wa kuheshimiwa, aliyekuwa askari wa wanyama. Kila nilipomsemesha alinigeuzia sikio la kulia. La kushoto, ambalo hukabili mdomo wa bunduki kwa mtu wa mkono wa kulia, limekufa kwa milio ya miaka mingi.

Nilimweleza habari za Percy, nikamuuliza kama angelipenda kuwa na kiwambo enzi zake. Alifikiri sana. Alinijibu kwamba sikio lake lingelipona, lakini usiku ule ambao jangili angekuwa nacho pia, wao wangelala mpaka asubuhi wakutane na mzoga. Mlio ndio uliokuwa ukiwaamsha na kuwaonyesha pa kukimbilia.

Tena bunduki ya kujipakia yenyewe ina mambo yake. Ukiifunga kiwambo, hewa chafu hurudi nyuma ikampiga mpigaji usoni, mitambo hushika masizi upesi, na bunduki huwa ndefu na nzito kichakani. Yako na mavazi mengine ya mdomoni. Bunduki ya G3, ambayo askari wa Kenya wameibeba kwa miaka mingi, ina kifaa chenye matundu cha kutawanya mwako usimpofushe mpigaji gizani, mlio hakiugusi. Kipo na cha kupunguza teke la begani, lakini hicho humzidishia kelele mwenziwe aliye ubavuni. Hakuna kimoja kisichomtoza mtu kitu.

Percy mwenyewe hakuishia kwenye bunduki. Kampuni yake hatimaye ilishikamana na viwambo vya injini, ndugu zake zile sailensa ambazo mafundi wetu huzichomelea chini ya magari. Mwaka 1914 aliunda chama cha Wamarekani wapenda redio, ili watu wa kawaida wapelekeane habari hewani. Alifariki tarehe 17 Februari 1936, mjini La Junta, Colorado, akiwa safarini. Mwaka huo kilitoka kitabu alichomwandikia babake aliyewaacha, nacho hakikujaa uchungu kama ambavyo ungedhani.

Kwa maoni yangu, Percy alilijali sikio la mpigaji, na hilo si dogo. Katika uwanja wa shabaha, ambako vijana wa Ruma hujifunza, kiwambo au hata vizibo vya masikio ni rehema, na wakubwa wao wasivionee ubahili. Lakini huko porini mlio wa bunduki si mali ya mpigaji peke yake. Mwenye ng'ombe wa Kuria anaungoja ajue kama zizi limevamiwa, na askari wa Lambwe anaungoja ajue korongo yu taabani. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga, na mwenye kuchagua kuifunga bunduki mdomo awafikirie kwanza hao wanaotegea sikio.